Besi Lililotakiwa Kuwepo

Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba Mkoa wa Manyara, ukiwa sasa umetimiza miaka miwili, si mtoto wa kubebwa tena. Kwa sababu hiyo Kamati ya Maandalizi ya Sherehe, iliyoketi kwa saa nne na kumaliza kreti mbili za soda, imeazimia kwa kauli moja kwamba siku ya maadhimisho hakuna kitakacholiwa, kitakachovaliwa, kitakachopigwa wala kitakachosikika uwanjani ambacho hakikutoka ndani ya mkoa wenyewe. Aliyeachishwa ziwa hageuki kulitazama titi.

Titi lenyewe halikutajwa, ila kila mtu mjini Babati alijua kwamba liko Arusha, mkoa uliomegwa ukazaa Manyara, mwendo wa saa tano kwa basi kama mvua haijanyesha.

Tangazo lilibandikwa kwenye mti ulio karibu na ofisi ya kata, Maisaka. Watu walilisoma kama wanavyosoma matangazo yote: walitafuta jina lao, walipolikosa wakaenda zao. Aniceti alilisoma mara tatu. Alikuwa miongoni mwa watu wachache mjini wanaoamini kwamba tangazo likibandikwa linakusudiwa kufuatwa, na ugonjwa huo haukuwa na dawa hospitalini.

Aniceti alikuwa seremala. Vitanda, milango na majeneza ndivyo vilivyomlisha yeye, mkewe Mektilda na binti yao mdogo Hope. Kanisani alikuwa mpiga besi wa kwaya ya kigango, na besi lenyewe lilikuwa sanduku la mbao lenye shingo ndefu na nyuzi nne za mshipi, ule wa nailoni ambao wavuvi wa ziwani hutumia kwa kambale wakubwa. Alikuwa akiusokota mwenyewe, uzi mwembamba kwa nyuzi tatu, uzi mnene kwa nyuzi saba. Kwa miaka mingi sanduku lile lilitosha. Kisha kwaya ikachanga, ikanunua kinanda cha umeme na amplifaya, na tangu Jumapili ile hakuna aliyemsikia Aniceti tena. Alipiga mpaka vidole vikaota sugu, na sauti yote ikaishia magotini mwake. Amedeus, mwalimu wa kwaya, alipiga kinanda kwa mikono miwili. Mkono wake wa kushoto ulichukua kazi ya besi bila kuombwa na bila kuaga.

"Si urudi tu kwenye sauti ya nne, Baba Hope?" Amedeus alimwambia siku moja kwa huruma. "Uimbe na wenzako."

Wote wawili walijua kwamba Aniceti akiimba ni kama msumeno uliokutana na msumari. Hakurudi. Aliendelea kupiga besi lisilosikika, akijiambia kwamba siku moja atatengeneza la umeme.

Siku hiyo ililetwa na Kamati. Fomu ya kwaya zitakazotumbuiza ilitaka kila kwaya iwe na walau chombo kimoja kilichotengenezwa mkoani, na jioni ile ile Amedeus alionekana kwenye kibanda cha useremala, akitabasamu kama mtu aliyekuja kuposa.

"Baba Hope, lile gitaa la besi ulilokuwa unasema..."

"Nitalitengeneza."

"Litakuwa tayari kwa sherehe? Ni wiki tano."

"Litakuwa tayari, na litalia."

"Kulia si lazima sana," Amedeus alisema. "Fomu inasema liwepo."

Aniceti aliweka patasi chini. "Mwalimu, kinachotengenezwa ili kiwepo tu ni jeneza."

Wakapatana hivi: mazoezi ya mwisho yatakuwa Ijumaa, mkesha wa sherehe. Besi likilia siku hiyo, Amedeus ataupumzisha mkono wake wa kushoto. Lisipolia, Aniceti atapanda jukwaani akiwa amelishika tu, apendeze, na kinanda kifanye kazi. Amedeus alitoka akiwa ameridhika, maana kwa vyovyote fomu ilikuwa imejazika.

Mbao hazikumsumbua. Alikuwa na kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha ofisa mmoja aliyehamishiwa mkoa mpya bila kitanda. Alikichonga, akakipiga randa na msasa, akafunga nyuzi zake za mshipi alizozizoea, na baada ya siku tisa alikuwa na gitaa ambalo Mektilda alikiri kwamba ni zuri kuliko kabati lake la vyombo. Kilichokosekana ni pikapu: kile kidude kinachokaa karibu na nyuzi, kikachukua mtetemo wake na kuupeleka kwenye amplifaya. Bila pikapu, gitaa la umeme ni ubao wenye makuu.

Akapanda baiskeli mpaka kwa Tariq, fundi redio wa karibu na stendi. Baba yake Tariq alihamia Babati kutoka Tanga miaka arobaini nyuma, akiwa na mashine ya santuri na mke, na mwanawe alirithi duka pamoja na tabia ya kutotupa kitu. Tariq na Aniceti waliitana fundi, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anaitwa hivyo kwa heshima tu.

"Nina kitu chako," Tariq alisema baada ya kuelezwa. Akafungua kopo la maziwa ya unga, akatoa kidude cheusi kidogo chenye sindano. "Kichwa cha santuri ya marehemu mzee. Hiki hakijali chochote, fundi. Kibandike kwenye mbao, mbao ikitetemeka kinalia."

Aniceti alikiweka kwenye kiganja. Alikuwa amebeba mawazoni gitaa la mninga lenye uzito wa mtoto wa miaka miwili. "Hiki? Si jino la mtoto hili! Besi zima litegemee jino?"

"Haya," Tariq alisema, akakirudisha kwenye kopo. "Mwenye kazi ni wewe."

"Nataka kitu cha sumaku. Nimeona kwenye magitaa ya bendi, yana sumaku."

Tariq alishusha pumzi ya mtu anayejua kazi inayomngoja. Alibomoa spika iliyopasuka akapata sumaku, akafumua transfoma iliyoungua akapata waya mwembamba wa shaba, na kwa siku nne aliuzungusha waya ule juu ya sumaku, mizunguko elfu tano, akihesabu kwa sauti hivi kwamba wateja waliokuja kuulizia betri waliondoka na hesabu yake kichwani. Siku ya tano akaiunganisha pikapu hiyo na redio yake, akapitisha bisibisi mbele ya sumaku. Redio ikanguruma. Akaigonga kidogo. Redio ikasema *kwaa*.

"Si unasikia?"

"Nasikia," Aniceti alisema, na kwa kweli machozi yalimlengalenga.

Aliifunga ndani ya leso, akaendesha baiskeli polepole mpaka nyumbani. Amplifaya ya kwaya ilikuwa inatunzwa kwake, kwa kuwa stoo ya kigango inavuja. Akafunga pikapu, akachomeka waya, akapiga uzi mnene.

Amplifaya ikavuma *mmmm*, kama inavyovuma siku zote. Besi halikusema kitu.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani. Tariq akapitisha bisibisi. *Kwaa.*

"Nzima," Tariq alisema.

"Kwangu hailii."

"Labda umeunganisha vibaya."

Akarudi, akaunganisha upya. *Mmmm.* Akarudi tena dukani. *Kwaa.* Wiki nzima ilikwenda hivyo, na barabara kati ya stendi na Maisaka ikaanza kushukiwa. Aniceti alieleza kwamba makorongo yanatikisa waya ndani, ndiyo maana pikapu inakuwa nzima mjini na mgonjwa nyumbani. Akaizungushia pamba. Akaibeba kifuani kama kifaranga. Siku moja aliteremka akasukuma baiskeli njia nzima, na waliokutana naye wakampa pole, wakidhani ametoka kupima hospitali.

"Niletee nilione hilo gitaa," Tariq alisema hatimaye.

Hapo Aniceti alikataa. Alikuwa na sharti moja la kazi, alilolirithi kwa fundi aliyemfunza: kazi isiyokamilika haionwi na mtu wa nje. Mteja anayeona kitanda kabla ya vanishi atakumbuka nyufa maisha yake yote, na aliyeona jeneza kabla ya kitambaa hatalala. Sharti hilo lilimjengea jina katika vitanda na majeneza. Hakuona kwa nini alivunje kwa gitaa.

"Kazi ikiisha utaiona."

"Itaisha vipi kama hailii?"

"Ikilia itakuwa imeisha."

Tariq akaanza kumhudumia mtu mwingine.

Wiki ya nne Aniceti alifanya jambo lililomwondolea usingizi. Alimpa kondakta wa basi la asubuhi barua na pesa, amnunulie Arusha, kwenye duka la vyombo vya muziki, pikapu ya kweli, ya dukani, ya gitaa la besi. Alijua tangazo linasema nini. Siku mbili alikuwa akipita karibu na ofisi ya kata bila kuangalia ule mti.

Pikapu ilifika ndani ya boksi lenye picha yake. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye sumaku nne zilizopangwa kama vifungo vya koti. Mektilda, ambaye alikuwa mshonaji na cherehani chake kilikaa sebuleni, aliacha kushona aje kushuhudia. Hope aliitwa. Aniceti alipiga uzi mnene kwa kidole gumba.

*Mmmm.*

Alipiga nyuzi zote nne. Akapiga kwa ngumi.

"Labda inaona haya," Mektilda alisema.

"Mama Hope, usinitanie."

"Sitanii. Mgeni yeyote wa siku ya kwanza haongei sana."

Usiku huo aliandika barua, na asubuhi akaitia ndani ya boksi pamoja na pikapu, akampa kondakta. Barua ilisema kwamba watu wa Arusha wasidhani kwamba kwa kuwa Manyara ni mkoa mpya, basi unaweza kuuziwa uchafu. Ilisema pia kwamba yeye ni fundi na anajua kitu kibovu akikiona. Basi lilipoondoka alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuungama. Kisha akarudi kibandani, akafumua waya wa shaba wa ile pikapu ya Tariq, mizunguko elfu tano, akafungia mlango wa banda la kuku. Sumaku iliyobaki aliirusha sebuleni, ikaangukia kwenye kikapu cha vitambaa.

Ilikuwa imebaki siku tatu.

Jumatano jioni Hope alimwaga kopo la vikorokoro vya mama yake vya kushonea. Pini, vifungo na sindano vikatapakaa sakafuni. Mektilda hakuinama. Alichukua ile sumaku, akaifunga kwenye uzi, akaanza kuivuta huku na huku kama mtu anayeswaga mbuzi, akiimba kidogo.

"Hii sumaku yako ni ya maana kuliko ulivyosema, Baba Hope," alisema. "Pini zote imeokota. Hata sindano ile iliyopotea Pasaka, tazama. Vifungo tu ndivyo imevikataa."

"Vifungo gani?" Aniceti aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hivi vya shati. Vya plastiki. Haina habari navyo kabisa."

Aniceti aliinua kichwa. Alitazama vifungo, kisha pini zilizoning'inia kwenye sumaku kwa vishada. Halafu akageuka taratibu akalitazama gitaa lililoegemea ukuta, na nyuzi zake nne za mshipi wa kambale, nailoni safi, alizozisokota kwa mikono yake.

Akaomba sumaku. Akaisogeza kwenye uzi mnene. Akaiachia. Sumaku ikaanguka sakafuni, *ko*, ikabiringika mpaka kwenye mguu wa cherehani.

"Bisibisi ni chuma," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya kaburini.

"Bisibisi gani tena?"

Aniceti alitoka nje, akaenda kusimama mbele ya banda la kuku, akautazama mlango ulivyofungwa vizuri.

Alhamisi asubuhi Tariq alimwona akiingia, akaacha kazi, akavuta kiti. Aniceti alisimulia yote, hata banda la kuku. Tariq alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo lilikuwa adhabu ya kutosha.

"Mshipi," Tariq alisema. "Mizunguko elfu tano, fundi. Mkono huu ulivimba, mke wangu Salme akanikanda kwa chumvi. Na wewe umefunga mshipi."

"Ndivyo."

"Ungeniletea nione..."

"Najua."

"Ungeweka nyuzi za chuma, hata waya wa breki za baiskeli, ile ya Arusha ingelia mpaka kwa mkuu wa mkoa."

"Imesharudi. Na barua."

"Barua inasemaje?"

Aniceti akamwambia barua inasemaje. Hapo Tariq alishindwa. Alicheka mpaka akashika meza, na redio mbili zilizokuwa juu yake zikaanza kuongea. Alipopata pumzi alifungua kopo la maziwa ya unga.

"Karibu, mzee wa jino," alisema.

Safari hii Aniceti alilileta gitaa lenyewe dukani, limefunikwa kanga, mchana kweupe, likiwa halijakamilika. Tariq alilifunua, akalizunguka, akasema "aisee" kwa namna ambayo ilimponya Aniceti nusu ya wiki tano. Kichwa cha santuri kilibandikwa chini ya kipande cha mti kinachobeba nyuzi, sindano yake ikiegemea mninga, na waya wake ukachomekwa kwenye redio. Aniceti akapiga uzi mnene.

*Duuu.*

Ilikuwa sauti nene, ya chini, yenye mikwaruzo kwa mbali kama mtu anayekaanga bisi chumba cha pili, lakini ilitoka, ikajaa dukani, ikavuka barabara. Mwuza viazi wa ng'ambo aligeuka. Aniceti alipiga tena, na tena, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia basi.

Mazoezi ya Ijumaa yalikwenda kama alivyoota. Waimbaji walipousikia wimbo wa kwanza ukisimama juu ya kitu, walitazamana. Amedeus alikuwa muungwana: aliuondoa mkono wake wa kushoto kwenye kinanda, akautia mfukoni, akauacha humo nyimbo tatu. Kornelia, katibu wa Kamati, alikuja na fomu kuhakiki vyombo. Kwenye kinanda, sehemu ya mahali kilipotengenezwa, Amedeus alikuwa ameandika *kinatunzwa Maisaka*, na Kornelia akaweka alama ya vema. Alipofika kwenye besi, Aniceti aliona hana budi kusema ukweli.

"Mbao na nyuzi ni za hapa, dada. Ila hiki kidude cha ndani kilitoka Ulaya."

"Kimekaa Babati muda gani?"

"Miaka arobaini."

"Basi hicho ni mzaliwa," Kornelia alisema. "Mkoa wenyewe una miwili." Akaweka alama ya vema, akafunga jalada.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kulikuwa na spika ndefu kama makabati, mbili kila upande, na meza yenye vitufe vingi, na nyuma ya meza kijana mwenye kofia ambaye hakuna aliyemfahamu. Aniceti alimfuata akiwa na waya wake mkononi.

"Mambo, mzee. Hiyo ni kitu gani?"

"Gitaa la besi. Nichomeke wapi?"

Kijana aliitazama meza yake. "Njia zimejaa, mzee wangu. Zimebaki mbili, moja ya kinanda, moja ya mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi ana kipaza sauti kile pale."

"Hii njia yake ya pili ni ya akiba. Kile kikikata."

"Na kisipokata?"

"Hiyo ndiyo akiba, mzee."

Mshereheshaji alikuwa tayari anaita jina la kwaya. Aniceti alipanda jukwaani na waya wake umening'inia. Amedeus alimwona, akaelewa, akainua mabega kidogo. Mkono wake wa kushoto ukatoka mfukoni, ukarudi kwenye kinanda kama mtu aliyekuwa amekwenda msalani tu. Kwaya ikaimba nyimbo mbili. Aniceti alipiga kila noti ya kila wimbo, bila kukosea hata moja, na mninga ulitetemeka juu ya tumbo lake kiasi cha kumtosha yeye peke yake. Mpiga picha wa Kamati alimpiga picha tatu. Mshereheshaji aliwaomba wananchi walipigie makofi gitaa la kwanza la besi kutengenezwa mkoani, nao wakalipigia.

Baadaye Mektilda alimkuta nyuma ya jukwaa akilifunika kanga. Alikuwa amepata nafasi mstari wa mbele kabisa, na Hope akiwa mgongoni mwake.

"Nimekuona," alisema.

"Umenisikia?"

Mektilda alimsogeza mtoto mgongoni, akafunga kanga upya. "Nimekuona vizuri sana, Baba Hope."

Hotuba zilikwisha saa kumi. Mgeni rasmi alirudia kwamba mkoa umeachishwa ziwa, na kipaza sauti chake hakikukata hata mara moja. Saa kumi na moja kijana mwenye kofia alikuwa amekwisha kukunja nyaya na kupakia spika kwenye lori, akaomba asaidiwe kufunga turubai upesi, kwa kuwa barabara ya Minjingu ilikuwa na vumbi jingi, na alitakiwa kurudisha vyombo Arusha usiku ule ule.